KUNAKILI LEJA YA CHAMA KWA KOMPYUTA
Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Chama kilichohamishia leja yake katika kompyuta hakikuepukana na wasia huo. Kilo za mazao ya mkulima, hisa zake na deni lake la pembejeo, vyote sasa vimo katika faili. Na kompyuta ikiungua au ikiibwa, faili hupotea pamoja nayo. Kwa hiyo nakala ya pili, iliyowekwa mahali pengine, ni ya lazima.

Programu moja inayotumika sana kwa kazi hiyo huitwa rsync. Ilitolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras huko Australia, nayo hupatikana bila malipo. Haina picha za kubonyeza. Katibu huiandikia amri ya mstari mmoja, akitaja kwanza saraka ambamo faili zinatoka, kisha saraka zinakopelekwa:

rsync -a leja/ akiba/

Ubora wake ni kwamba hairudii kazi iliyokwisha fanyika. Hutazama ukubwa wa kila faili na saa iliyobadilishwa, isiyobadilika huiacha. Faili kubwa iliyobadilika kidogo, ikipelekwa kwa mtandao kwenye kompyuta nyingine yenye nakala ya zamani, hukatwa vipande. Vipande vya pande zote mbili hulinganishwa kwa hesabu, na vile tu vilivyotofautiana ndivyo hutumwa. Hiyo ni nafuu kwa chama kinachonunua mtandao kwa kipimo.

Hata hivyo, programu hii ni mtumishi mtiifu asiyeuliza swali. Yapo mambo matatu ya kuchunga.

Kwanza, mpangilio wa majina. Neno --delete likiongezwa, huamuru kwamba kila kisichokuwamo katika saraka ya kwanza kifutwe katika saraka ya pili. Katibu akitangulia kutaja diski mpya iliyo tupu, kisha akataja leja, leja nzima itafutwa. Hapo hapana mwizi wala moto, bali mkulima atakuja kudai malipo yake na hesabu isionekane.

Pili, alama ya mkwaju mwishoni mwa jina la saraka ya kwanza. Ikiwapo, yaliyomo ndani hunakiliwa; isipokuwapo, saraka yenyewe huingizwa ndani ya ile nyingine. Hapo nakala mpya hukaa ndani, ya zamani ikabaki juu, na mkaguzi aweza kusoma hesabu zilizopitwa na wakati akidhani ni za leo.

Tatu, nakala hurithi kosa. Tarakimu iliyoharibika mchana hufunika nakala njema usiku. Kwa hiyo chama kiwe na nakala tofauti za miezi mbalimbali, na mojawapo ikae nje ya ofisi.

Kinga ya makosa mawili ya kwanza ni rahisi. Amri iandikwe kwanza pamoja na herufi v na n:

rsync -avn --delete leja/ akiba/

Programu itaorodhesha yote inayokusudia kunakili na kufuta, bila kugusa chochote. Katibu aisome orodha, mjumbe wa kamati naye aisome, ndipo herufi n iondolewe. Desturi hii si ngeni: hundi ya chama haitoki kwa sahihi ya mtu mmoja.

Kazi ikiisha, nakala ifunguliwe, na salio la wanachama kadhaa lilinganishwe na stakabadhi zilizo mikononi mwao. Nakala isiyopata kufunguliwa ni tumaini tu, wala si ushahidi.

Mwanachama naye ana haki ya kuuliza katika mkutano mkuu: nakala ya leja iko wapi, na ilifunguliwa lini mara ya mwisho? Katibu aliyejiandaa atajibu kwa kutaja mahali na tarehe.