Matembezi ya Watoto Wakati wa Jua Kali

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Suguti)



Katika mkutano uliopita mlituagiza tuwaeleze habari za matembezi ya watoto, kwa nini yale ya kwanza yaliharibika, na kama yafaa kuyaendeleza. Wengine walisema kwamba wazee wetu hawakuwa na desturi ya kuwatembeza watoto, na ya kwamba huo ni mchezo wa watu wenye nafasi. Neno hilo tumelifikiri sana. Wazee wetu hawakuwatembeza watoto kwa kuwa walikuwa nao siku zote. Hata leo mtoto wa mvuvi humfuata baba yake mwaloni, humwona akishona nyavu na kuanika dagaa, naye hulijua ziwa kabla ya kujua kusoma. Mtoto wa mchungaji huyajua malisho vivyo hivyo. Lakini mtoto wa karani afuate nini? Baba au mama huingia afisini asubuhi, mlango hufungwa, naye hurudi jioni amechoka, na majibu yake ni mafupi. Tusipomtoa mtoto huyu siku ya Jumamosi, atatujua kwa kikohozi chetu chumbani tu.

Sasa tueleze kosa letu, maana si la mtu mwingine. Siku ile tuliondoka saa tano, kwa sababu ya kungojeana. Tulipofika ufukoni jua lilikuwa utosini. Nchi hii yetu ya Musoma iko kusini ya ikweta kwa nyuzi moja na nusu hivi, na katika miezi ya Machi na Septemba jua la adhuhuri hupita juu kabisa, hata mtu akitafuta kivuli chake hukikuta chini ya nyayo. Sisi watu wazima tukaketi chini ya mti tukaanza maneno ya mishahara na vyeo (hata huko tulikwenda na afisi yetu), tukawaambia watoto, Nendeni mkaoge, mpate baridi. Wakaoga saa mbili nzima mahali penye maji yaliyotulia na majani mengi. Baada ya miezi michache watoto wawili katika wale walionekana na kichocho cha tumbo, na mmoja ni wa nyumba ya mmoja wetu tuliotunga maneno haya. Hatuwezi kuapa kwamba waliupata siku ile. Walipewa dawa wakapona, walakini mama yake aliuliza ni nani aliyemwambia mtoto aingie majini, nasi hatukuwa na jibu.

Ndipo tulipotafuta habari za ugonjwa huo. Mnyoo wa kichocho ulitambuliwa na daktari Theodor Bilharz huko Cairo mwaka 1851. Mayai yake hutoka kwa mtu mgonjwa, na yakifika majini huanguliwa, na vijidudu vyake huingia katika konokono wadogo. Baadaye hutoka tena katika konokono na kupenya ngozi ya mtu aogaye, bila yeye kuona kitu. Jambo lililotushangaza ni hili: vijidudu hivyo hutoka kwa wingi mchana, mwanga wa jua ukiwa mkali. Saa ile ile mtoto anapoyatamani maji ndiyo saa mbaya. Tena penye matete na midomo ya mito kuna mamba na kiboko, hilo halihitaji daktari.

Mara ya pili tulifanya vingine. Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu, na kabla ya saa tano kila mtu alikuwa kwake. Kila mtoto alikuwa na kofia na chupa yake ya maji ya kunywa yaliyochemshwa, naye alikumbushwa kunywa kabla ya kuona kiu. Chakula kilikuwa uji, viazi vitamu na sato wa kukaanga. Hakuna aliyeachwa ndani ya motokaa iliyofungwa, hata aliyelala, maana joto humo hupanda kwa dakika chache tu. Ziwani hakuingia mtu. Kwa michezo ya maji tulichukua madumu ya maji safi kutoka nyumbani, tukawamwagia, nao walipiga kelele za furaha mpaka wavuvi wakaja kutazama.

Watoto walipanda majabali kabla hayajashika moto. Walimwona mnandi akianika mbawa zake, na mdiria akisimama hewani kisha akitumbukia majini kama jiwe. Mmoja akauliza kwa nini upepo wa mchana hutoka ziwani. Tulitazamana. Mwanachama mmoja aliye mwalimu akaeleza kwamba nchi kavu hushika joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na ile ya ziwani huja kushika mahali pake. Usiku huwa kinyume. Mvuvi mmoja mzee akacheka, akasema, "Wajukuu zangu, sisi hutoka na upepo wa nchi kavu alfajiri, tukarudi mchana na upepo wa ziwani. Tanga linajua." Kisha akawaonyesha furu mdogo kiganjani, akawaambia kwamba zamani walikuwa wengi mno, kabla sangara hajaletwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuwala. Watoto walimzunguka Babu yule karibu saa nzima. Na sisi pia tulimzunguka, tusijifanye tulikuwa na kazi nyingine.

Basi twaomba ruhusa ya mkutano kwa safari ya tatu, kwenda Mwitongo, Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999. Kuna makumbusho na majabali, wala ziwa haliko karibu. Bwana Katibu anaandika majina leo. Tutaondoka saa kumi na mbili kamili, wala hatutamngojea mtu. Na wanachama wenye maneno ya mishahara twawaomba wayalete Jumatatu.