Mfarishi wa Viraka na Hesabu ya Jasho



Kwa Mathias, kama kwingineko Kibaha na Kisarawe, chini ya kila cherehani hubaki vipande vya vitenge, khanga na sare za shule. Vingi hutupwa jalalani. Vikikusanywa na kuungwa huzaa mfarishi, yaani tandiko la tabaka mbili za kitambaa lenye blanketi kuukuu katikati. Haba na haba hujaza kibaba.

Chama kitakacho kuanza kazi hii hapana budi kianze na uchambuzi. Pamba ikae na pamba. Uzi wa pamba ukichomwa hugeuka jivu laini. Wa nailoni huyeyuka na kuganda kama tone gumu. Kisha kila kipande kifuliwe kabla ya kukatwa, ili kirudi na kuchuja rangi mapema. Chekundu kisichofuliwa kikiungwa na cheupe, mfarishi mzima huharibika siku ya kwanza ya kufuliwa, na mnunuzi hatarudi tena.

Baada ya hapo ni vipimo. Mfarishi wa sentimeta 150 kwa 200 hutaka miraba 300 yenye upande wa sentimeta 10. Kila mraba hukatwa kwa sentimeta 12, ili sentimeta 1 ya kila upande iingie katika mshono. Hapo ndipo ukweli hudhihirika: kitambaa kilipatikana bure, lakini kazi si ya bure. Kukata miraba 300, kuipanga, kuiunga, na kupiga mishono ya kushikamanisha tabaka zote, ndiyo gharama kubwa. Bei ikipangwa kwa kutazama kitambaa peke yake, mwanachama aliyeshona atakuwa amemfadhili mnunuzi kwa jasho lake.

Uko mfano wa mbali. Mwaka 1966, wanawake weusi wa vijijini katika jimbo la Alabama, Marekani, waliunda ushirika ulioitwa Freedom Quilting Bee. Mifarishi yao ya viraka iliuzwa hadi New York. Maduka makubwa yalidai vipimo vinavyolingana na mshono usio na dosari, nao wakajifunza kuvitimiza. Ushirika huo ulidumu kwa zaidi ya miaka 40.

Kwa hiyo, yafaa Katibu afungue daftari lenye safu nne: jina la mwanachama, uzito wa vipande alivyoleta, saa alizofanya kazi, na malipo yake. Mali bila daftari huisha bila habari. Na jasho halikadhalika.

Mfarishi wa kwanza usiuzwe. Ufuliwe, uanikwe juani, kisha utunzwe ofisini uwe kielelezo. Ukistahimili maji na jua, ndipo chama kipokee oda za wateja.

Ushirika ni nguvu.