Kutafuta Kipindi Ukitakacho

Nawasalimu ninyi mlio Sumbawanga mjini, na ninyi wa Laela, Mpui, Matai na Namanyere. Najua huko Ufipa upepo una baridi, basi sogeeni karibu. Mwenye daftari alifungue, mwenye kalamu aishike. Leo tuna neno moja jipya. Lisomeni pamoja nami, polepole: po-di-ka-sti. Podikasti.

Podikasti ni nini? Ni kipindi cha kusikiliza, kama hiki cha redio, lakini kimerekodiwa na kuwekwa katika intaneti, ili mtu akichukue kwa simu yake na kukisikiliza saa aitakayo. Neno hili si la zamani. Lilianza kuandikwa magazetini Uingereza mwaka 2004. Redio haimngoji mtu. Kipindi kikitolewa jioni, nawe ungali zizini unafunga ng'ombe, kimekupita. Podikasti hukungoja. Waweza kuisimamisha, ukaenda kuepua chungu, ukarudi ukaendelea pale pale.

Pengine wasema moyoni, "Hayo ni mambo ya vijana. Mimi mtu mzima yanihusu nini?" Sikiliza mfano huu.

Tuseme yupo mama mjane mwenye shamba la mahindi na maharage. Shemeji yake amwambia, "Mama, nimesikia redioni kwamba mwanamke hana haki ya shamba." Mama huyo hakukisikia kipindi, wala hajui kama kweli kilisema hivyo. Akinyamaza, msimu ujao shamba litalimwa na mwingine. Lakini kama ajua kusoma na kuandika, ataandika katika simu maneno matatu tu: haki, ardhi, mwanamke. Atawasikia wanasheria wakieleza. Atajua kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema mwanamke mtu mzima ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Hajashinda bado, lakini sasa analo neno la kupeleka mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji, nalo amelisikia kwa masikio yake mwenyewe.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo maana ya somo la leo. Asiyeweza kutafuta huishi kwa maneno ya kuambiwa.

Sasa, tutapata nini huko? Yapo mambo ya utawala na sheria, kama tulivyoona. Yapo mambo ya utamaduni. Yapo mambo ya historia, na ya sinema pia. Je, ulijua kwamba mwaka 1952 ilitengenezwa sinema ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, na kwamba mchezaji wake mmoja alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa? Ndiye yule aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Habari za namna hii zawafaa watu wengi, nazo huzungumzwa katika vipindi vya historia na sinema.

Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, ile ya Deutsche Welle ya Ujerumani mwaka 1963, na ile ya RFI ya Ufaransa mwaka 2010. Zote zimeweka vipindi katika intaneti. Kipindi kimoja cha RFI juu ya utamaduni kimeitwa Changu Chako, Chako Changu. Andikeni jina hilo katika madaftari. Ni zoezi zuri la herufi "ch".

Tufuate hatua nne za kutafuta.

Hatua ya kwanza: fungua katika simu mahali pa kutafutia, kisha andika jina la kipindi, au maneno mawili matatu ya jambo ulitakalo. Andika herufi sawasawa. Usimwachie mjukuu kila siku. Mwombe akuonyeshe mara moja, halafu fanya wewe.

Hatua ya pili: soma kichwa cha kipindi na urefu wake. Ukiona dakika 10, anza na hicho.

Hatua ya tatu: soma tarehe. Hapa wengi hukosea. Podikasti haifutiki upesi, kwa hiyo habari ya zamani husikika kama ya leo. Mtu aweza kusikia bei ya maharage ya miaka mitatu iliyopita, akapakia magunia yake kwenda mjini, akarudi na hasara.

Hatua ya nne: kama una kifurushi kidogo, chagua sauti peke yake bila picha, maana picha hula kifurushi upesi. Ukifika penye mtandao mzuri, pakua kipindi kikae ndani ya simu. Hata ukiwa shambani pasipo mtandao, utakisikiliza.

Tena, usiamini kila sauti. Mtu yeyote mwenye simu aweza kutengeneza podikasti, mwenye elimu na mwenye uongo pia. Jiulize: Nani anasema? Amesema lini? Amejuaje? Asiyeeleza amejuaje, sikiliza na mwingine kabla ya kukubali.

Wazee wanakumbuka mwaka 1973, ulipokuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Basi nanyi fanyeni vivyo hivyo. Simu moja katikati, watu wanane kuizunguka, na baada ya kipindi kila mtu aseme neno.

Mwisho, nina ombi. Huko Ufipa mnayo malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambayo wazee waliyeyushia chuma. Urefu wake ulifika kama mita 3, nayo yaliwaka kwa upepo wa kuingia chini, bila mivukuto. Chuma kilichotoka kilisafishwa katika tanuru dogo, kintengwe, hapo ndipo mivukuto ilipotumika, kisha kikafuliwa majembe. Mabaki ya malungu yamesimama mpaka leo, lakini waliosimuliwa na wahunzi wenyewe wanapungua. Simu inayosikiliza ndiyo hiyo hiyo inayorekodi. Mwendee mzee, mwombe ruhusa, mwulize, urekodi, utaje jina lake na tarehe. Siku moja mtoto wa mbali atatafuta neno "malungu". Afadhali akute sauti ya Mfipa.

Kazi ya nyumbani:
1. Andika neno "podikasti" mara tano.
2. Andika maneno matatu utakayotumia kutafuta jambo likusumbualo.
3. Sikiliza kipindi kimoja. Andika nani alisema, lini, na amejuaje.

Wiki ijayo kila mmoja atatusomea aliyoyaandika. Kwaherini, ndugu wanafunzi, na usiku mwema.