Lenzi Inayolilinda Jicho Baada ya Upasuaji



Miongoni mwa viungo ambavyo askari huvitegemea katika kazi yake, jicho limo katika safu ya mbele. Mlinzi wa usiku langoni, dereva wa lori katika barabara ya Gulu, askari wa usalama barabarani katika njia panda ya Wandegeya, na fundi wa karakana anayechomelea vyuma, wote hao huendesha kazi zao kwa macho. Wote hao pia hukabiliwa na vumbi, cheche, moshi na jua kali kwa saa nyingi kila siku. Kwa hiyo matibabu ya konea, yaani kile kioo angavu kilicho mbele ya jicho, si jambo la waganga peke yao. Linawahusu wale wanaovaa sare, na linawahusu zaidi makamanda wanaowapangia kazi.

Maelezo haya ni juu ya kitu kidogo ambacho daktari huweza kukiweka juu ya konea mara tu baada ya upasuaji. Ni lenzi laini, nyembamba, isiyo na rangi, yenye upana wa milimita 14 hivi. Haikuwekwa ili mgonjwa aone mbali wala karibu, na aghalabu haina nguvu yoyote ya miwani. Kazi yake ni kukifunika kidonda, na ndiyo maana waganga wa macho huiita lenzi ya bendeji.

Ili faida yake ifahamike, yafaa kwanza konea yenyewe ieleweke. Kioo hicho kina unene wa nusu milimita tu katikati yake. Hakina mishipa ya damu, kwani damu ingezuia mwanga kupita. Hewa yake nyingi hukipata moja kwa moja kutoka nje kwa njia ya machozi. Lakini kina mishipa ya fahamu mingi mno, na hii ndiyo sababu punje moja ya mchanga huweza kumwangusha mtu mwenye nguvu. Juu ya konea pana ngozi nyembamba sana inayoikinga. Ngozi hiyo inapokwanguliwa, iwe kwa ajali au kwa kisu cha daktari, mishipa ya fahamu hubaki wazi, na kila mara mtu anapopepesa, ukope hupita juu ya kidonda kama msasa.

Zamani dawa ya hali hiyo ilikuwa kulifunga jicho kwa pamba na kitambaa. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba kulifunga jicho lenye mkwaruzo mdogo hakuharakishi kupona, na aliyefungwa hubaki akitumia jicho moja. Lenzi ya bendeji hufanya kazi kwa njia nyingine. Hukaa kati ya ukope na kidonda, ikaupokea msuguano badala ya konea. Chini yake ngozi mpya huota kutoka pembeni kuelekea katikati bila ya kusumbuliwa. Mgonjwa huweza kufumbua jicho, daktari huweza kulitazama bila ya kufungua kitu, na matone ya dawa hutiwa juu ya lenzi hiyo hiyo.

Historia ya matibabu haya ni fupi. Tarehe 7 Desemba 1905, katika mji wa Olomouc, ambao sasa umo katika Jamhuri ya Cheki, daktari Eduard Zirm alimpandikiza konea kibarua mmoja aliyepofuliwa na chokaa. Konea hiyo ilitoka katika jicho la mvulana aliyekuwa ameumizwa na vipande vya chuma. Huo ndio upandikizaji wa kwanza wa konea ya binadamu uliofaulu, lakini lenzi laini ya kuufunika haikuwapo bado. Ilisubiri hadi Desemba 1961, wakati Otto Wichterle, mkemia wa Chekoslovakia, alipotengeneza lenzi laini za kwanza nyumbani kwake kwa mashine aliyoiunga kutokana na vyuma vya kuchezea watoto na dainamo ya baiskeli. Mwaka 1971 serikali ya Marekani iliruhusu lenzi za aina hiyo ziuzwe, na mwishoni mwa miaka ya 1990 zikatokea zile zenye silikoni ndani yake, ambazo hupitisha hewa nyingi zaidi na hivyo zafaa kukaa jichoni usiku na mchana.

Hapa Uganda mahitaji ya upasuaji wa konea yako wazi. Nchi imekatwa na Ikweta, na jua pamoja na vumbi huwaotesha watu wengi kinyama cha jicho, ile nyama inayotambaa kutoka katika weupe wa jicho hadi juu ya konea. Inapolikaribia eneo la kuonea, haina budi ikatwe, na mahali ilipobanduliwa hubaki kidonda. Wapo vijana ambao konea yao hupungua unene na kuchongoka mbele, hasa wale waliozoea kuyafikicha macho kwa sababu ya mwasho. Hawa huweza kutibiwa kwa matone ya vitamini na mwanga maalumu unaoikaza konea, lakini mara nyingi ngozi ya juu huondolewa kwanza. Wapo waliotobolewa jicho na kipande cha chuma, na wapo wanaohitaji konea ya mtu mwingine. Kwa ajili ya hawa wa mwisho, Sheria ya Utoaji na Upandikizaji wa Viungo vya Binadamu ya mwaka 2023 imeweka utaratibu ambao nchi haikuwa nao hapo kabla. Katika Kampala, idara za macho zipo katika hospitali kuu ya Mulago, na pia katika hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa mwaka 1897. Si kila mgonjwa hupewa lenzi ya bendeji. Daktari ndiye anayeamua kwa kuutazama ukubwa wa kidonda na hali ya jicho.

Sasa, ndugu wasikilizaji, pana jambo ambalo lazima litiliwe mkazo. Lenzi hii huyapunguza maumivu kabla kidonda hakijafunga. Faida hiyo ndiyo iliyobeba hatari. Askari aliyefanyiwa upasuaji Jumatatu huweza kuamka Jumatano bila ya kuhisi kitu, akajiona mzima, akaacha matone, akanawa uso kwa maji ya pipa, na kurudi lindo. Kumbe chini ya lenzi ngozi bado ina pengo, na lenzi yenyewe, ikichafuka, huwa maficho ya vijidudu.

Madhara ya vijidudu kwenye konea yanajulikana vizuri katika nchi hii. Utafiti uliofanywa kusini-magharibi ya Uganda kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2018 uliwafuatilia wagonjwa 313 wenye konea iliyoambukizwa. Wengi wao walikuwa wakulima, wala si watu waliovaa lenzi, lakini fundisho lao ni la wote. Nusu yao walifika hospitalini baada ya siku 17 au zaidi. Asilimia 60 walikuwa wametumia dawa za kienyeji machoni. Miezi mitatu baadaye, asilimia 30 walikuwa hawaoni kwa jicho lililougua, na asilimia 9 walikuwa wamelipoteza jicho lenyewe. Tena, sehemu kubwa ya maambukizo hayo yalitokana na kuvu, ambayo dawa ya kawaida ya bakteria haiiui.

Kwa hiyo askari aliyewekewa lenzi ya bendeji anapaswa kushika mambo yafuatayo kama anavyoshika amri. Anawe mikono kwa sabuni kabla ya kutia matone, na ayatie kwa saa alizoambiwa, hata kama hasikii maumivu. Asilifikiche jicho. Asiruhusu maji ya ziwa, ya mto, ya pipa wala ya bomba yaingie jichoni, kwa maana yamo maji yanayoonekana safi na kumbe yana vijidudu vinavyokula konea. Asiitoe lenzi kwa mkono wake. Ikidondoka, asiirudishe, bali aende kwa daktari. Asitie maziwa ya mama, utomvu wa majani, wala matone aliyouziwa dukani bila ya cheti. Yapo matone yanayotuliza wekundu huku yakiipa kuvu nafasi ya kuenea. Yapo pia matone ya ganzi, ambayo yakitumiwa siku baada ya siku huizuia konea isipone. Na maumivu yakizidi, jicho likiwa jekundu zaidi, likitoa usaha, likiona ukungu au kuonyesha doa jeupe, aripoti siku hiyo hiyo, usiku au mchana.

Siku ya kuitoa lenzi huamuliwa na daktari. Ngozi iliyokwanguliwa mara nyingi huota upya kwa muda wa siku chache, lakini jeraha kubwa au konea iliyopandikizwa huweza kuhitaji majuma. Daktari huiondoa lenzi, hutia tone la rangi ya manjano, kisha huimulika konea kwa taa ya buluu. Pale palipo na kidonda hung'aa kijani. Pasipong'aa, hapo ndipo inapoweza kusemwa kwamba ngozi imefunga. Mgonjwa mwenyewe hawezi kulijua hilo, wala sajini wake.

Hapa ndipo wajibu wa makamanda unapoingia. Katika kambi na vituo, mtu asiye na bendeji inayoonekana huweza kudhaniwa kuwa anakwepa kazi. Mkono uliofungwa plasta humtetea mwenye nao. Lenzi angavu haionekani hata na aliyesimama uso kwa uso. Cheti cha daktari ndicho kinachosema badala yake, na cheti hicho kiheshimiwe. Askari wa namna hii asipelekwe kwenye mazoezi ya kulenga shabaha, kwenye doria ya vumbi, wala kwenye karakana ya kuchomelea. Asipangwe kamwe mahali panapoweza kutumiwa moshi wa kutoa machozi, kwa kuwa lenzi huweza kuushika moshi huo jichoni, naye hana ruhusa ya kuitoa. Kazi ya ofisini yenye hewa safi, au mapumziko ya siku alizoandikiwa, ni gharama ndogo ikilinganishwa na kumpoteza dereva au mlenga shabaha ambaye taifa limemfundisha kwa miaka.

Ni kweli kwamba vikosi vina upungufu wa watu na zamu haziwezi kusimama. Lakini konea iliyooza haimpi kamanda mtu wa zamu. Humpa mgonjwa wa miezi mingi na kovu jeupe lisilopitisha mwanga. Hesabu hiyo ni rahisi, na kila ofisa aweza kuifanya.

Mwisho, ikumbukwe kwamba upasuaji mwingi wa aina hii ungeweza kuepukwa. Miwani ya kinga kwa mchomeleaji na kwa mwendesha pikipiki, kofia yenye ukingo kwa aliye juani, na maji safi mengi ya kuoshea jicho papo hapo linapoingiwa na chokaa au asidi, ni kinga zinazopatikana hata katika kituo kidogo. Yakishindikana hayo na kisu cha daktari kikahitajika, basi lenzi ipewe siku zake zote, na mwenye jicho hilo apewe nafasi ya kuzitimiza.