Mwili ni Amana: Chakula, Dawa na Saumu kwa Wazee Wanaoishi na Virusi vya UKIMWI

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini kabla ya kuingia mwezi mtukufu wa Ramadhani)

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.



Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa ni mauti. Mwaka 2004 Serikali ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi. Kwa fadhila za Mwenyezi Mungu, aliyeanza dawa wakati ule akiwa na miaka 45 leo amevuka 60, ni babu au bibi, na huenda anasimama nasi katika safu ya swala. Basi imetupasa kuzungumzia namna mzee huyu anavyokula na anavyofunga.

Kwanza, chakula. Zamani tuliogopa kukonda, na mgonjwa aliambiwa ale sana anenepe. Leo hatari imegeuka. Wazee wanaoishi na virusi hupatwa na maradhi ya moyo, figo na udhaifu wa mifupa zaidi ya wenzao wa umri wao, na baadhi ya watumiao dawa za sasa huongezeka uzito. Kwa hiyo unene si ushahidi wa afya. Mzee apunguze chumvi, sukari katika chai na vyakula vya kukaangwa. Ale dagaa, maharage, kunde, mayai, mchicha, matembele na papai, na ugali wake uwe wa dona. Hivi si vyakula vya matajiri. Naye Mtume (s.a.w.) alitufunza kwamba theluthi ya tumbo inatosha kwa chakula.

Pili, dawa. Wako walioziacha wakitegemea habbat soda na asali peke yake. Ndugu zangu, Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha watu wajitibu, akaeleza kwamba kila ugonjwa umewekewa dawa isipokuwa uzee. Asali ni neema, lakini haikuletwa ili tuziache neema nyingine. Anayeacha dawa, virusi humrudia. Na anayetumia pia vidonge vya kisukari, vya kuongeza damu au vya madini ya mifupa amweleze daktari, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo huathiriana na dawa za kufubaza virusi.

Tatu, saumu. Kidonge cha mara moja kwa siku chaweza kumezwa wakati wa futari au daku; hivyo mwenye hali iliyotulia huenda akaruhusiwa kufunga. Lakini amwulize daktari kabla ya mwezi kuandama, hasa mwenye kisukari, figo dhaifu au anayekohoa na kukonda. Anayekatazwa asione haya. Sura ya Al-Baqara imempa mgonjwa ruksa ya kulipa siku nyingine, na asiyetarajia kupona hulisha maskini kwa kila siku. Mola wetu anatutakia wepesi. Anayefunga kwa kuogopa maneno ya watu, huku akihatarisha uhai wake, ameikataa zawadi ya Mola wake kwa ajili ya majirani.

Hapa ndipo lawama inapotugeukia sisi wenyewe. Ni nani anayemtia mzee hofu hiyo? Ni sisi tunaouliza kwa nini fulani hafungi, na tunaosogeza sinia pembeni akikaribia. Virusi hivi haviambukizwi kwa kula sahani moja, wala kwa kupeana mikono. Mzee aliyetengwa hula peke yake, na alaye peke yake aghalabu hula vibaya: chai kavu na kipande cha muhogo. Tunapogawa futari na zaka, tuwakumbuke wajane na wazee walio peke yao, tuwapelekee samaki na maharage badala ya sukari tupu, wala tusiwapekue siri zao.

Mwili ni amana, na aibu ya ndugu yako nayo ni amana. Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitunza zote mbili, awape wagonjwa wetu siha na subira, na atufikishe Ramadhani tukiwa na nyoyo safi. Amin.