MPAKA HAUZUII UKAME



Maongezi ya leo yanawahusu hasa wakulima wa Lembeni na vijiji vingine vya tambarare ya Upare.

Lembeni iko magharibi ya milima ya Upare Kaskazini. Mawingu yatokayo Bahari ya Hindi huigonga milima hiyo kwanza, yakamwaga maji yake huko. Yakitufikia sisi yamekwisha kuwa mepesi. Kwa hiyo majira yakipinduka kidogo tu, kwetu ni njaa. Vuli ya 2021 na ya 2022 zilikuwa haba. Ya 2023 ikaja na mafuriko. Nayo baridi ya kipupwe, tuliyoizoea Juni hadi Agosti, ikiwahi huyakuta mahindi bado machanga. Yanakawia kukomaa, na unyevu unakwisha kabla gunzi halijajaa.

Sasa wako wanaouliza: mbona wenzetu wa Taveta, ng'ambo ya Ziwa Jipe, wana taarifa zao za mvua na sisi zetu, na hali mbingu ni moja?

Jibu ni la kihistoria. Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza walipatana mstari kutoka mlango wa mto Umba hadi Ziwa Jipe, upite kati ya nchi ya Wataveta na ya Wachaga, uzunguke Kilimanjaro kwa kaskazini, hadi Ziwa Viktoria. Hakuna mkulima aliyeulizwa. Wala mabwana hao hawakujali maji yanakwenda wapi. Mto Lumi hutoka Kilimanjaro, hupita Taveta, huingia Jipe. Na maji ya Jipe hutoka kwa mto Ruvu hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Leo ziwa hilo moja lina nchi mbili. Miteremko ikilimwa vibaya, iwe Taveta au Upare, tope na magugu ya Jipe ni hasara ya wote.

Mwaka 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana kuiheshimu mipaka iliyorithiwa. Basi hatusemi mpaka ung'olewe. Tunasema usikuzibe masikio. Nzige wa jangwani walioingia kaskazini mwa nchi yetu mapema mwaka 2021 walitokea Kenya, na hawakuonyesha hati ya kusafiria.

Tufanyeje, basi?

Kwanza, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kila msimu. Ukiwa na ndugu au mteja Taveta, muulize pia: mvua imeshika? Viwavijeshi wameonekana?

Pili, anayewahi mno hupoteza mbegu, na anayechelewa hukutwa na baridi. Kwa hiyo usimalize mbegu zote kwa mvua ya kwanza. Chimbua udongo kwa jembe. Kama chini bado ni vumbi, ngoja. Ukipanda, bakiza mbegu ya kurudishia.

Tatu, gawa shamba. Sehemu moja weka mahindi ya muda mfupi. Nyingine weka mtama, kunde au choroko. Moja likikosa, lingine litakulisha.

Nne, kinga maji. Piga matuta ya kukata mteremko, na zile ndiva za wazee wetu zizolewe tope kabla ya mvua, si baada yake.

Kwa lolote lisiloeleweka, muone bwana shamba au bibi shamba wa kijiji chako.