Mwizi wa Sani



Mwaka 1938 huko Marekani lilitoka gazeti la katuni liitwalo Action Comics, toleo la kwanza, lenye kisa cha Superman. Bei yake ilikuwa senti 10. Nakala moja ilikuwa mali ya mcheza sinema Nicolas Cage, na mwaka 2000 iliibwa nyumbani kwake. Ilionekana tena mwaka 2011 katika stoo ya kukodi huko California, na mwaka huohuo ikauzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2.

Huenda unacheka. Karatasi za watoto! Mimi sicheki, maana nami nimeibiwa katuni.

Nilikuwa na matoleo 61 ya gazeti la Sani. Nilianza kuyaweka nikiwa darasa la tano, na sikumruhusu hata kaka yangu kuyakunja. Ndumilakuwili yumo, Lodi Lofa yumo, Madenge yumo. Mwaka jana nilirudi kazini usiku nikakuta sanduku la bati liko wazi, ndani mna mende tu.

Mwizi tulimjua kabla hakujapambazuka: kijana wa nyumba ya pili. Mwaka uliotangulia alichukua redio yangu. Siku ile balozi wa nyumba kumi alituandikisha karatasi, mama yake akalia, mimi nikasamehe, yakaisha. Redio sikuiona tena, na hakuna aliyemwuliza aliiuza kwa nani.

Safari hii mama alikuja tena. "Baba Neema, mwanao huyo, msamehe." Nje vijana walikuwa wameshaanza kuulizana nani ana tairi. Hao nao ni wa kuogopwa kuliko mwizi. Nikamshika mkono kijana, tukaenda kituoni.

Sasa hebu tuitazame California hiyohiyo. Mwaka 1994 walipitisha sheria kali kwa wanaorudia makosa: kosa la tatu, miaka 25 hadi maisha. Mtu mmoja aliyekuwa na makosa ya zamani aliiba kanda tisa za video madukani, mara mbili, thamani yake kama dola 150. Akapewa miaka 50 hadi maisha! Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya nchi ile iliiacha adhabu hiyo isimame, majaji watano dhidi ya wanne. Ilipofika 2012 wananchi wenyewe walipiga kura kuilegeza sheria. Kanda tisa, jamani.

Basi sikutaka kijana wetu aozee gerezani kwa ajili ya Madenge. Wala sikutaka aende zake kama mara ya kwanza. Nilimwambia palepale kaunta: nipeleke ulikouza.

Akatupeleka. Matoleo 44 tuliyakuta kwa muuza vitabu vya mitumba Mtaa wa Samora, yamepangwa vizuri kuliko nilivyoyapanga mimi. Muuzaji alitaka nimlipe fedha yake. Askari aliyefuatana nasi alimtazama tu, akanyamaza. Mengine yalikuwa kwa mama wa karanga, yameshakatwa vipande. Niliona nusu ya uso wa Lodi Lofa umefunga karanga za shilingi mia mbili. Nilizinunua.

Mahakamani kijana alikiri. Tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayompa hakimu nafasi ya kumtumikisha mkosaji nje ya gereza pale kifungo kinachomstahili hakizidi miaka mitatu. Afisa probesheni alifika kwangu kuuliza nina maoni gani. Nikamweleza habari ya redio bila kuficha, na habari ya Mtaa wa Samora pia. Kijana akapewa miezi sita ya kufagia zahanati.

Wenzangu ofisini wanasema nimelea mwizi. Pengine. Lakini msamaha wangu wa kwanza haukumgharimu kitu, na ndiyo maana alirudi. Huu wa pili umemgharimu jasho, umemtaja na mnunuzi.

Jumamosi iliyopita aligonga mlango wangu. Ameliona toleo langu moja, anasema, kwa muuzaji mwingine Kariakoo. Jina langu la utotoni liko juu ya jalada. Nilimpa fedha ya kulikomboa, na nauli.

Hadi naingia studio jioni hii, hajarudi.